Malipo ya Mjane na Kupanda kwa Bei

Mazungumzo yaliyoandikwa kwa wasikilizaji wa Thika na Ruiru

Waswahili husema kwamba akiba haiozi. Neno hilo ni la kweli kwa mtu mwenye mibuni yake, au ng'ombe wake, au chumba chake cha kupangisha. Lakini iko akiba moja ambayo huoza hata ikifungiwa katika sanduku la chuma, nayo ni akiba iliyohesabiwa kwa shilingi peke yake. Haioti ukungu, wala haitobolewi na wadudu. Tarakimu zake hubaki zile zile katika karatasi, wala hapana mwizi aliyeigusa. Hata hivyo kila mwaka upitao hununua vitu vichache kuliko mwaka uliotangulia.

Maneno ya leo yahusu akiba ya namna hiyo, yaani malipo wanayopewa wajane na watoto wa watumishi wa Serikali waliokwisha kustaafu, pindi watumishi hao wanapofariki. Jambo hili lawagusa watu wengi katika Thika na Ruiru. Hapo Ruiru kipo chuo cha kuwafundisha askari wa magereza. Hapo Thika iko hospitali kubwa ya Serikali, na shule zenye sifa, na kituo cha utafiti wa mimea ya bustani. Walimu, wauguzi, makarani na askari wengi walimaliza kazi zao, wakapokea kiinua mgongo, wakanunua viwanja na kujenga papa hapa. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1999 ni wachache waliodhani kwamba Ruiru ingekuwa mji mkubwa. Lakini hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha watu 490,120 katika Ruiru, na 251,407 katika Thika. Miongoni mwa watu hao wamo wazee wengi waishio kwa pensheni, na wajane wengi waishio kwa kile kilichobaki baada ya waume zao.

JINSI PENSHENI INAVYOHESABIWA

Kwanza yafaa kueleza hesabu yenyewe, kwani watu wengi huipokea pensheni bila kujua ilitoka wapi. Sheria ya Pensheni ya Kenya, ambayo ni Sura ya 189, yasema kwamba kila mwezi kamili wa kazi humpa mtumishi sehemu moja katika 480 ya mshahara wake wa mwisho wa mwaka mzima. Tena sheria humruhusu kuitoa robo ya pensheni yake na kuipokea mara moja kwa mkupuo, nayo huzidishwa mara 20. Hicho ndicho watu wakiitacho kiinua mgongo.

Msikilizaji na amfikirie karani mmoja wa Serikali akaaye Makongeni, Thika. Huyu si mtu fulani ajulikanaye, bali ni mfano tu. Alifanya kazi miaka 30, yaani miezi 360, na mshahara wake wa mwisho ulikuwa shilingi 32,000 kwa mwezi. Sehemu 360 katika 480 ni robo tatu. Kwa hiyo pensheni yake kamili ni shilingi 24,000 kwa mwezi. Akaitoa robo, yaani shilingi 6,000. Hizo kwa mwaka ni 72,000, na zikizidishwa mara 20 ni shilingi 1,440,000. Kwa fedha hizo akanunua kiwanja. Zilizobaki, shilingi 18,000, akawa akizipata kila mwezi.

Siku aliyostaafu, shilingi 18,000 zilitosha unga, sukari, mafuta, dawa ya presha na nauli ya kwenda kanisani. Karani yule akarudi nyumbani akamwambia mkewe, "Mama Njeri, sasa tumepata pa kuegemea. Hata nikitangulia mimi, hutakosa." Alisema kweli kwa kadiri ya ujuzi wake. Aliloliahidi lilikuwa maisha yale waliyokuwa nayo siku ile. Lakini Serikali iliyoandika ahadi yake katika karatasi haikuandika unga wala sukari, iliandika shilingi.

BEI HUPANDA NGAZI, PENSHENI HUTAMBAA

Bei za vitu hupanda kwa sababu nyingi: mvua ikikosekana, mafuta ya petroli yakighalika huko ng'ambo, shilingi ikipungua nguvu mbele ya dola, au fedha zikizidi vitu sokoni. Wataalamu huliita jambo hilo mfumuko wa bei, na Shirika la Takwimu la Taifa hulipima kila mwezi. Katika mwezi wa Novemba 2011 bei zilikuwa zimepanda kwa karibu asilimia 20 kuliko Novemba ya mwaka uliotangulia. Katika Oktoba 2022 zilikuwa zimepanda kwa asilimia 9.6. Mwaka huo huo wa 2022, pakiti ya unga wa mahindi ya kilo 2 ilipita shilingi 200 madukani, hata Serikali ikatia fedha zake ili iuzwe kwa shilingi 100 kwa muda. Miaka mitano tu nyuma, yaani 2017, unga uliopunguzwa bei na Serikali ulikuwa umeuzwa kwa shilingi 90, na hiyo nayo ilikuwa dawa ya njaa, si bei ya kawaida.

Miaka ya namna hiyo ni mibaya, lakini si ya kila siku. Benki Kuu ya Kenya imepewa shabaha ya kuziweka bei zisipande sana: asilimia 5 kwa mwaka, isipungue 2.5 wala isizidi 7.5. Na ichukuliwe basi kwamba Benki Kuu imefaulu kabisa, na kwamba bei zapanda kwa asilimia 5 kila mwaka, bila ukame wala vita.

Serikali nayo haikuwasahau wastaafu. Iko Sheria ya Kuongeza Pensheni, Sura ya 190, na katika karne hii desturi imekuwa kuongeza pensheni kwa asilimia 3 kila baada ya miaka miwili. Mtu akisikia neno "kuongezwa" hufurahi, na ni haki yake. Lakini asilimia 3 kwa miaka miwili ni kama asilimia moja na nusu kwa mwaka, na bei zapanda kwa asilimia 5. Ni kama watu wawili waliotoka Ruiru kwenda Thika, mmoja kwa basi katika barabara kuu mpya, na mwingine kwa miguu akivuta mbuzi. Wote wawili waenda mbele, lakini hawataonana tena njiani.

Na aangaliwe tena yule karani. Baada ya miaka 10 pensheni yake imeongezwa mara tano, nayo imefika karibu shilingi 20,867. Lakini vile vitu alivyovinunua kwa shilingi 18,000 sasa vyataka shilingi 29,320. Baada ya miaka 20 pensheni imefika karibu 24,190, na vitu vile vile vyataka 47,759. Kwa maneno mengine, shilingi zake 24,190 za uzeeni zina nguvu ya shilingi 9,117 za siku aliyostaafu. Hakuna mtu aliyemnyang'anya hata senti moja; kila mwezi alitia sahihi na kupokea haki yake yote. Hata hivyo nusu ya pensheni yake imekwenda.

MJANE HUPOKEA ILIYOKWISHA KUCHAKAA

Hapa ndipo penye kiini cha maneno haya. Mstaafu akifariki, sheria huwapa wategemezi wake, yaani mjane na watoto walio wadogo, pensheni kwa muda wa miaka mitano tangu kufa kwake. Malipo hayo huhesabiwa kutokana na pensheni ya marehemu. Hayahesabiwi upya kwa bei za siku ya msiba. Kwa hiyo mjane hurithi pamoja na pensheni hasara yote ya miaka iliyopita. Mumewe alianza kula chakula hicho kikiwa kimejaa sahani. Yeye hukabidhiwa sahani ile ile ikiwa nusu, tena akaambiwa kwamba baada ya miaka mitano itaondolewa mezani.

Msikilizaji na amfikirie Mama Njeri mbele ya dirisha la afisi, miaka 20 baada ya mumewe kustaafu. Yeye ana miaka 73.

"Bwana karani," auliza, "hizi ndizo fedha alizokuwa akipata mume wangu?"

"Ndizo, Mama. Hazikupungua hata kidogo. Tena zimeongezwa mara kumi."

"Nashukuru, baba. Lakini mbona zamani zilitutosha wawili, na sasa hazinitoshi mimi peke yangu?"

Karani yule hakusema uongo, wala mama yule hakukosea hesabu. Mmoja alihesabu kwa shilingi, na mwingine kwa kikapu. Hivi ndivyo afisi na nyumba za watu zinavyokosa kusikilizana kwa muda mrefu, kila upande ukidhani mwenzake hajui hesabu.

Iko sheria nyingine, Sura ya 195, ya pensheni za wajane na watoto. Kwa sheria hiyo mtumishi hukatwa asilimia 2 ya mshahara wake wakati akiwa kazini, na mchango huo huwapatia mjane na watoto malipo baada ya ile miaka mitano kwisha. Hilo ni jambo jema sana. Lakini malipo hayo nayo yatokana na mishahara ya zamani, na kwa hiyo yana ugonjwa ule ule.

JAMBO HILI LINA HISTORIA

Haifai kudhani kwamba shida hii ilianza jana. Katika mwaka 1948 tume ya Holmes iliyotazama kazi za Serikali katika Afrika Mashariki ilikubali kwamba Mwafrika afanyaye kazi sawa na Mzungu alipwe sehemu tatu katika tano za mshahara wa Mzungu. Tume ya Lidbury, ya mwaka 1954, ilishauri desturi hiyo ikomeshwe. Mwaka huo huo wa 1954 kamati ya Carpenter ilieleza kwamba mshahara wa chini wa Mwafrika katika Kenya ulikuwa umepimwa kwa mtu mseja, kana kwamba hana mke wala mtoto, ikashauri upandishwe pole pole hata umtoshe mtu na jamaa yake. Kwa kuwa pensheni hukatwa katika nguo ya mshahara, nguo ikiwa fupi, shati la mjane huwa fupi pia. Tena katika vitabu vya sheria za Kenya zilikuwamo sheria za pensheni za wajane na mayatima wa maofisa wa Kihindi kwa jina lao, wakati ambapo mke wa karani wa Kiafrika hakuwa na sheria yenye jina lake.

Baada ya uhuru wa mwaka 1963 ikatokea tofauti nyingine, isiyoonekana upesi. Katika miaka ya 1970 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ambazo kwazo pensheni za watumishi wa umma hupandishwa kila mwaka kwa kufuata kipimo cha bei. Na sheria moja ya mwaka 1973 iliipa Serikali ya Uingereza uwezo wa kujitwika mzigo wa pensheni za maofisa wake waliokuwa wametumikia makoloni. Basi watu wawili waweza kuwa walikaa meza mbili za afisi moja ya Serikali huko Thika kabla ya uhuru, mmoja akaandika barua na mwingine akaipiga taipu. Mmoja alizeeka huko Uingereza, na pensheni yake ikafuata bei ya mkate. Mwingine alizeeka Gatundu au Ruiru, na pensheni yake ikafuata uamuzi wa mwaka ule, kama upo. Tofauti hiyo haikuletwa na uvivu wa mmoja, wala na akili ya mwingine, bali na maneno machache ya sheria yaliyosema kipimo ni kipi.

MZIGO WA HAZINA

Haki yataka upande wa pili nao usikilizwe. Pensheni za watumishi wa zamani wa Kenya hazikuwekewa akiba katika mfuko wao wenyewe. Hulipwa kutokana na kodi za kila mwaka, na jumla yake imepita shilingi bilioni 100 kwa mwaka. Mchuuzi wa ndizi katika soko la Thika, ambaye hatapata pensheni kamwe, huchangia malipo hayo kila anunuapo kitu chenye kodi. Tena mwaka 2009 umri wa kustaafu ulipandishwa kutoka miaka 55 hadi 60, kwa sehemu ili mzigo huo usogezwe mbele. Kwa hiyo asemaye kwamba pensheni zote zipandishwe sawasawa na bei, yampasa aseme pia fedha zitoke wapi.

Kwa sababu hiyo ulianzishwa mpango mpya tarehe 1 Januari 2021. Watumishi waliokuwa chini ya miaka 45 waliingizwa humo wote. Mtumishi huchangia asilimia 7.5 ya mshahara wake, baada ya kuanza kwa asilimia 2 na kisha 5. Serikali huchangia asilimia 15. Fedha hizo huwekwa katika hesabu ya kila mtu na kufanyiwa kazi ili zizae. Sheria ya mpango huo pia yataka Serikali imkatie mtumishi bima ya maisha isiyopungua mara tano ya mshahara wake wa mwaka. Kwa wale wafao wakiwa kazini, bima hiyo ina faida kubwa, kwani hupanda pamoja na mshahara. Lakini mpango huu ni wa vijana. Hauwezi kumrudia yule karani wa Makongeni, wala mjane wake.

Kwa wazee hao iko njia moja ya kiasi, ambayo haitaki hazina ya mfalme. Ni kuanza na walio chini: kuifuatisha bei ile sehemu ndogo ya pensheni inunuayo chakula na dawa, na kuhesabu upya malipo ya wategemezi siku ya kifo, badala ya kumpa mjane kilichochakaa. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, yasema kwamba wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya jamaa zao na ya Serikali. Heshima ni neno zuri. Lakini mama wa miaka 73 huipima heshima hiyo dukani.

YALIYO MIKONONI MWA WATU WENYEWE

Wakati sheria ikingojewa, yako mambo ambayo mume na mke waweza kuyafanya wakiwa hai wote wawili.

La kwanza, waketi pamoja waihesabu pensheni kwa vitu, si kwa shilingi. Waandike kwamba mwaka huu pensheni yetu yanunua pakiti kadha za unga; na mwakani wahesabu tena. Hapo wataona wenyewe kasi ya kupungua kwake, wala hawatashtuka siku ya msiba.

La pili, kiinua mgongo kisiliwe chote kwa karamu na gari. Sehemu yake itiwe katika kitu ambacho bei yake hupanda pamoja na bei nyingine. Chumba cha kupangisha huko Ruiru hutoza kodi ya mwaka huu, si kodi ya mwaka aliostaafu mwenye nyumba. Ng'ombe wa maziwa naye huuza kwa bei ya asubuhi hiyo. Lakini hati ya kiwanja na iandikwe kwa majina ya wote wawili, na ichunguzwe katika afisi ya ardhi kabla ya senti moja kutoka mfukoni, kwani wako wastaafu walionunua karatasi badala ya ardhi.

La tatu, ndoa ijulikane. Wake wengi wa wazee waliolewa kwa mila, kwa mbuzi na pombe na mashahidi ambao wengi wamekwisha kufa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yataka ndoa za kimila ziandikishwe kama nyingine. Ni aibu ndogo kwa wazee wa miaka 70 kwenda kuandikisha ndoa yao. Ni taabu kubwa kwa mjane kuithibitisha peke yake, huku akiulizwa maswali na shemeji zake.

La nne, karatasi zote ziwekwe mahali pamoja, na mke apajue: nambari ya pensheni, kitambulisho, barua ya kuajiriwa, barua ya kustaafu, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Afapo mume, mjane atatakiwa kuwa na hati ya kifo na barua ya chifu ya kuwatambulisha wategemezi. Kila mwezi upoteao katika kutafuta karatasi ni mwezi ambao bei hazikungoja. Huduma Centre ya Thika yaweza kumwelekeza mtu kabla hajalipa nauli kwenda Bima House huko Nairobi, iliko Idara ya Pensheni.

La tano, mjane aliyefika miaka 70 na asiyepata pensheni tena, kwa kuwa miaka yake mitano imekwisha, asione haya kuuliza habari za Inua Jamii. Mpango huo ulipanuliwa mwaka 2018 kwa wazee wote wa umri huo wasio na pensheni, ukianza na shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni kidogo, na kipimo chake nacho ni shilingi. Lakini haba na haba hujaza kibaba.

Mabwana na Mabibi, yule karani wa Makongeni alimwahidi mkewe kwamba hatakosa. Alitumikia miaka 30 kwa ajili ya neno hilo moja. Serikali ikitaka kulitimiza neno lake, na iliangalie kwa macho ya mama yule aliyesimama dirishani na kikapu chake. Na mume ambaye bado yu hai, asingoje mwingine amweleze mkewe hesabu hii baada ya mazishi. Jioni hii ni wakati mwema wa kuanza.